Nani alimtoa mama wodini?

Najua wengi mlitegemea leo niendelee na hadithi ya boom kuchelewa, lakini boom tuliache, limeshaandikwa vya kutosha na bado haliingii. Leo nawapa historia. Ndiyo, historia, kutoka kwa mtu wa uuguzi. Msikimbie.

Chanzo ni lekcha ya uuguzi wa watoto. Mwalimu alituambia kwamba mtoto mwenye mahitaji maalumu ya kiafya hauguzwi peke yake, anauguzwa pamoja na familia yake. Jamaa mmoja wa viti vya nyuma akanong'ona: "Hayo mambo ya Wazungu. Kwetu mama analala wodini toka enzi za babu. Kwani nani alimtoa?" Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Lakini swali likanikaa kichwani. Kweli, nani alimtoa? Nikaingia maktaba kulitafuta jibu, na nilichokutana nacho nimeona nisikibanie kwenye daftari peke yangu.

Kwanza tuwekane sawa tunaongelea watoto gani. Ni mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi au kichwa kikubwa, mwenye mtindio wa ubongo, selimundu, kisukari, tundu kwenye moyo, mdomo sungura, na hata njiti aliyetoka hospitali na matatizo ya kupumua. Magonjwa ni tofauti kabisa, ila kitu kimoja kinawaunganisha: wanahitaji huduma kuliko watoto wengine, tena kwa muda mrefu. Mtoto wa malaria anaumwa wiki moja, anapona, anarudi kucheza. Hawa hospitali inakuwa sehemu ya maisha yao. Kwa hiyo historia yao sio ya dawa na operesheni tu. Ni historia ya nani anaruhusiwa kukaa karibu na kitanda.

Twende London. Tarehe 14 Februari 1852 ilifunguliwa hospitali ya watoto pale Great Ormond Street, ikiwa na vitanda 10 tu. Mwanzilishi wake alikuwa daktari Charles West. Wakati ule hospitali nyingi za Uingereza hazikupenda kulaza watoto wadogo, kwa hiyo hiyo peke yake ilikuwa hatua kubwa. West aliona pia kwamba kumuuguza mtoto ni kazi yenye ujuzi wake, na mwaka 1854 akatoa kitabu kidogo cha kuwafundisha wauguzi namna ya kumhudumia mtoto mgonjwa. Mpaka hapo mambo mazuri.

Tatizo lilikuja kadiri hospitali zilivyokua na kupata nidhamu ya kijeshi. Mzazi akaanza kuonekana mgeni, halafu msumbufu, halafu hatari. Sikilizeni hali ya hospitali za London mwaka 1949. Guy's: mzazi anamwona mtoto Jumapili tu, saa 8 hadi saa 10 mchana. St Thomas's: mwezi mzima wa kwanza hakuna kumtembelea, ila wazazi wanaweza kuja saa 1 hadi saa 2 usiku kumwangalia akiwa amelala. London Hospital: mtoto wa chini ya miaka 3 hatembelewi, wazazi wanamwangalia tu kupitia kizuizi, na aliyezidi miaka 3 anatembelewa mara mbili kwa wiki. Yaani unampeleka mwanao, unamkabidhi mlangoni, halafu unamchungulia kama mtu anayeangalia bidhaa dukani.

Sasa tusiwe wepesi wa kuwatukana. Walikuwa na sababu zao. Kabla penisilini haijaenea miaka ya 1940, maambukizi ndani ya wodi yalikuwa yanaua kweli kweli. Dondakoo na surua vikiingia wodini, ilikuwa kilio. Mgeni yeyote alionekana kabeba vijidudu kwenye koti lake. Sababu ya pili ilikuwa ya kisomi: mwanasaikolojia wa Marekani John B. Watson alitoa kitabu mwaka 1928 akiwashauri wazazi wasiwakumbatie na kuwabusu watoto wao ovyo, eti asubuhi wape mkono inatosha. Alisomwa sana huyo.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonigusa mimi kama nesi mtarajiwa, kwa sababu ilitoka wodini kwenyewe. Wauguzi waliona kwamba mtoto akitembelewa, mama akiondoka analia vibaya sana. Asipotembelewa, baada ya siku chache ananyamaza. Hasumbui, anakula, anameza dawa. Wakahitimisha kwamba amezoea. Kelele ziliisha, kwa hiyo tatizo limeisha. Shikeni hilo neno "amezoea", tutalirudia.

Fikirieni nani aliumia zaidi na utaratibu huo. Mtoto wa kutolewa tonsili alikaa siku chache akarudi nyumbani. Lakini mwenye kifua kikuu cha mifupa, polio au ulemavu wa miguu alikaa miezi, wengine miaka, amefungwa kwenye plasta au kitanda maalumu. Kama kuna watoto waliolipia zile saa mbili za Jumapili, ni hawa hawa wenye mahitaji maalumu.

Hata hivyo sio wote walikubali. Kule Newcastle, kaskazini ya Uingereza, daktari James Spence alianza miaka ya 1920 kuwalaza akina mama pamoja na watoto wao kwenye hospitali ndogo ya watoto wachanga. Mama ndiye aliyemhudumia mwanae usiku na mchana, nesi akimwongoza. Spence alisema mama akifanya hivyo anatoka hospitali akiwa anajiamini, na akaongeza kwamba hata wauguzi wanajifunza mengi kutoka kwa hao akina mama. Wauguzi wajifunze kwa mama! Kwa wakati ule hayo yalikuwa maneno mazito.

Mfano mwingine unatoka mbali zaidi, New Zealand. Henry Pickerill na mke wake Cecily, wote madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, walikuwa na hospitali yao Lower Hutt, karibu na Wellington. Waliwafanyia upasuaji watoto wenye mdomo sungura na kaakaa lililo wazi. Kidonda cha mdomoni kikiingia wadudu, kazi yote inafumuka. Wakafanya kinyume na wenzao: kila mtoto chumba chake, na anayemhudumia ni mama yake. Mama ana vijidudu vile vile ambavyo mtoto ameshavizoea nyumbani, na hazunguki kitanda hadi kitanda. Mwaka 1954 waliandika kwenye jarida la Lancet kwamba kwa njia hiyo maambukizi ya wodini yalidhibitiwa. Kwa hiyo ile hoja kuu ya kumfukuza mama, kwamba analeta ugonjwa, ilijibiwa na wapasuaji wenyewe. Mama alikuwa kinga.

Sasa anaingia mtu ninayempenda kuliko wote kwenye historia hii. Anaitwa James Robertson, Mskoti. Wakati wa vita ya pili ya dunia alipata kazi kwenye vituo vya kulea watoto vya Anna Freud huko Hampstead, London. Kazi gani? Kuwasha na kutunza boila la maji ya moto! Ila Anna Freud alikuwa na utaratibu wake: kila mfanyakazi, hata wa boila, aandike kwenye kadi anachokiona kwa watoto. Robertson akajifunza kuangalia. Baadaye akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na mwaka 1948 akajiunga na John Bowlby wa kliniki ya Tavistock. Kazi yake ikawa kwenda kwenye wodi za watoto na kuangalia tu.

Akaona kwamba lile neno "amezoea" ni uongo. Mtoto mdogo akitenganishwa na mama anapita hatua tatu. Kwanza analia na kupinga. Pili anakata tamaa, anakuwa mpole, mnyonge. Tatu anajitenga moyoni: anacheka na manesi, anachukua peremende kwa yeyote, na mama akija hamjali. Wauguzi waliona hatua ya pili wakaiita utulivu, wakaona ya tatu wakaiita furaha.

Hakuna aliyemsikiliza. Kwa hiyo akachukua kamera, kitu ambacho hakuwahi kukitumia, akarekodi filamu. Mtoto alichaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya waliosubiri kulazwa, ili asije akaambiwa kachagua mliaji. Akapatikana Laura, miaka miwili na ushee, aliyelazwa siku 8 kwa upasuaji mdogo wa ngiri ya kitovu. Laura hakuwa mliaji hata kidogo. Alijikaza. Unauona uso wake unavyopambana na machozi huku akimuulizia mama yake. Siku ya kuondoka, mama anampa mkono, Laura anakataa kuushika. Filamu ilioneshwa kwa madaktari na wauguzi wa London Novemba 1952, na wengi walikasirika. Walisema amewapaka matope. Lakini filamu ikazunguka, na watu wakirudi wodini kwao wakaanza kuona kile walichokuwa wanakipita kila siku.

Serikali ya Uingereza ikaunda kamati mwaka 1956 chini ya Sir Harry Platt, daktari wa mifupa ambaye utotoni mwenyewe aliugua kifua kikuu cha goti. Ripoti ilitoka mwaka 1959. Ilisema wazazi waruhusiwe wakati wowote, akina mama wa watoto wadogo wapewe nafasi ya kulazwa nao, watoto wasichanganywe na wakubwa, na wauguzi wa watoto wafundishwe mahitaji ya moyo wa mtoto, sio ya mwili tu.

Mnadhani mlango ulifunguka? Wapi! Ripoti ni karatasi. Hospitali nyingi ziliendelea na saa zao. Mwaka 1961 Robertson alionesha vipande vya filamu zake kwenye BBC na kuwaambia wazazi wadai wenyewe. Akina mama wachache wa Battersea, London, wakaanzisha chama, na kikakua hadi kuwa cha nchi nzima. Walipita hospitali moja moja wakiuliza: saa zenu za kuona watoto ni zipi, na kwa nini? Hata mwaka 1974, miaka 15 baada ya ripoti, nesi mtafiti Pamela Hawthorn alitoa utafiti kuhusu watoto wodini, na jina la kitabu chake ni kilio cha mtoto anayemwambia nesi kwamba anamtaka mama yake.

Mpaka hapo mama karudi kwenye kiti cha pembeni ya kitanda. Lakini kukaa sio kushirikishwa. Hatua hiyo ilikuwa na mapambano yake, na ya kwanza nawapeleka Marekani.

Katie Beckett alizaliwa mwaka 1978, jimbo la Iowa. Akiwa na miezi kama mitano alipata maambukizi ya ubongo, akapooza na kuhitaji mashine ya kupumulia. Alipokaribia miaka mitatu madaktari walisema anaweza kurudi nyumbani, maana wazazi wanaweza kufundishwa kumhudumia. Kikwazo kikawa sheria: bima ya serikali ilimlipia akiwa hospitali, ila akienda nyumbani kipato cha wazazi kinahesabiwa na anapoteza msaada. Hospitali ilikuwa inagharimu kama dola 6,000 kwa mwezi, nyumbani kama 1,000. Novemba 1981 Rais Reagan alilisema jambo hilo mbele ya waandishi wa habari, sheria ikalegezwa, na Desemba ile ile Katie akalala kwao. Aliishi hadi miaka 34, akafariki mwaka 2012, akiwa ametumia maisha yake kuwatetea wenzake. Mwaka 1987 mganga mkuu wa serikali ya Marekani, C. Everett Koop, alitoa ripoti maalumu kuhusu watoto hawa, akitaka huduma inayozingatia familia, iliyo karibu na jamii na yenye mpangilio. Hayo maneno ya lekcha yetu yametokea pande hizo.

Mwaka uliofuata, 1988, nesi Anne Casey wa Great Ormond Street, hospitali ile ile ya vitanda 10, alitoa mfumo wake wa ubia. Mawazo yake ni mepesi kuelewa: mwenye mtoto ni familia. Kulisha, kuogesha na kufariji ni kazi ya familia, na nesi anaingia pale familia inaposhindwa au pale ujuzi maalumu unapohitajika. Na hata ujuzi huo, mzazi akitaka na akiweza, nesi amfundishe. Kipimo cha nesi mzuri kikawa ni nini mama anakijua siku ya ruhusa.

Haya, turudi nyumbani. Jamaa wa viti vya nyuma alikuwa na nusu ya ukweli. Kwetu mama hakutolewa namna ile. Tena hapo jirani, Mulago, Kampala, miaka ya 1960 kilianzishwa kitengo cha lishe kinachoitwa Mwanamugimu. Mtoto mwenye utapiamlo alilazwa na mama yake, na mama akafundishwa kupika vyakula vya kwao kwa namna itakayomponya mwanae. Afrika Mashariki haikusubiri kufundishwa na London kwamba mama ni sehemu ya tiba.

Nusu nyingine ya ukweli ndiyo inayouma. Mama yupo wodini kwetu, ndiyo, lakini mara nyingi yupo kwa sababu manesi hatutoshi. Anaogesha, analisha, anafua, anaenda dirisha la dawa. Kisha raundi ya madaktari ikifika: "Akina mama wote nje!" Niliwahi kuliona hilo wakati wa mafunzo kwa vitendo, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Mama mmoja mwenye mtoto wa kichwa kikubwa alinifuata koridoni, kanga imemlowa maziwa, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sista, wamesemaje kuhusu mwanangu?" Yeye ndiye aliyekaa naye usiku mzima, halafu habari za mwanae anaziomba kwa mwanafunzi. London walimtoa mama mlangoni. Sisi tunamwacha mlango wazi, tunamfungia maneno.

Na kwa watoto hawa maneno ni uhai. Chukua huyo wa kichwa kikubwa. Akiwekewa shanti, ule mrija wa kupitisha maji ya kichwani hadi tumboni, unaweza kuziba au kuingia wadudu wakati wowote, hata miaka baadaye. Nani atakuwepo siku hiyo? Sio daktari wa upasuaji. Ni mama au bibi, kijijini. Akijua kwamba kutapika, utosi kuvimba, usingizi usio wa kawaida au macho kuelekea chini ni dalili za hatari, atakimbia hospitali. Asipojua, atasubiri. Na msidhani familia haiwezi mambo ya kitaalamu: vali ya shanti iliyoanza kutumika mwaka 1956 kule Philadelphia ilibuniwa na John Holter, fundi wa mashine, kwa sababu mwanae Casey alizaliwa na mgongo wazi na maji kichwani.

Au mtoto wa mgongo wazi ambaye kibofu hakijimwagi chenyewe. Zamani iliaminika katheta lazima iwekwe kwa usafi wa chumba cha upasuaji. Mwaka 1972, Michigan, daktari Jack Lapides na wenzake, akiwemo nesi Betty Lowe, walionesha kwamba mikono iliyonawa na katheta iliyooshwa vinatosha, mradi mkojo utolewe kila baada ya saa chache. Ugunduzi huo ulihamisha figo za watoto kutoka mikononi mwa hospitali kwenda mikononi mwa mama. Na mtoto mwenyewe akifika umri wa shule anaweza kujifunza, akaenda darasani mkavu kama wenzake. Lakini lazima awepo nesi mmoja aliyeketi chini na mama huyo, akamwonesha, akamwacha ajaribu, akarudi kesho kumwangalia tena.

Ndiyo maana naona hiyo ndiyo kazi yetu hasa. Tukienda wodini mwezi ujao, mimi najiwekea mambo matatu, na wenzangu wa darasa mkipenda tushirikiane. Moja, kabla ya kuandika kitu kwenye faili nitamuuliza mama: usiku umemwonaje? Pili, raundi ikiisha nitamweleza kilichosemwa kwa Kiswahili cha kawaida, na kama sina mamlaka ya kusema nitamtafuta sista wa zamu aje aseme. Tatu, nitamtafuta na baba. Wazazi wa kiume tunawaacha getini na mlinzi, halafu tunalalamika hawahusiki.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa viti vya nyuma, jibu lako hili: walimtoa watu wazuri waliokuwa na sababu nzuri, na kumrudisha kulichukua vizazi viwili, mtu wa boila, manesi wabishi na akina mama wasiokubali saa mbili za Jumapili. Sisi tuna bahati kwamba yupo tayari. Imebaki kumwambia.

Naishia hapa, betri ya laptop inalia na umeme wa hosteli mnaujua. Mwenye mdogo wake, mtoto wake au jirani mwenye mahitaji haya atuambie hapo chini: hospitali ilimfundisha nini siku ya ruhusa? Nitayasoma yote.